Nguo Iliyokwenda Madeira

Jumamosi asubuhi Thérèse alikuwa amesimama juu ya kreti la soda ndani ya duka la Rasik, sokoni Walthamstow, amenyoosha mikono kama mtu anayepekuliwa, na Rasik anamzunguka na pini mdomoni. Hii ilikuwa mara ya tatu kupimwa. Mara ya kwanza blauzi ilimbana kwapani. Mara ya pili ikampwaya mgongoni, kwa sababu katikati hapo kanisa lake lilitangaza mfungo na yeye akafunga kweli, tofauti na wenzake. Rasik akamwomba aahirishe mambo ya Mungu mpaka nguo iishe.

Rasik alizaliwa Mwanza. Kiswahili chake alikuja nacho Landani pamoja na cherehani ya baba yake, na vyote viwili bado vilikuwa vinafanya kazi, ingawa kwa kelele.

"Mama, wewe navuta tumbo ndani. Siku ya harusi itavuta tena?"

"Nitavuta."

"Kutwa nzima? Na chakula je?"

Thérèse akafikiri. "Basi shona ya tumbo la kweli."

"Haya. Achia." Thérèse akaachia, na Rasik akapiga chaki pale tumbo la kweli lilipoishia, bila kusema neno, maana alikuwa mtu wa heshima.

Kitambaa kilikuwa cha kijani chenye ndege wa manjano, na vazi lilikuwa la vipande vitatu: blauzi, ambayo Wakongo huiita libaya, kikwembe cha kwanza, cha kufunga kama sketi, na kikwembe cha pili, cha kuzungusha kiunoni juu ya kile cha kwanza. Hicho cha pili ndicho chenye kazi. Kwa akina Thérèse, huko Uvira, bi harusi anapotoka mama yake hukifungua mbele za watu, hukitandika chini, na binti hupita juu yake. Kisha mama hukikunja na nyayo zake, bila kukifua, na kukiweka maisha yake yote. Ukoo mzima wa wanawake ulikuwa hivyo, umekunjwa ndani ya masanduku. Kile chenye nyayo za Thérèse mwenyewe kilibaki Uvira mwaka 1996, pamoja na sanduku, pamoja na nyumba.

Alivua nyuma ya pazia, akampitishia Rasik nguo, akavaa sweta lake. Alipofungua pazia, nguo ilikuwa imesimama juu ya kreti. Mabega yamekaa sawa, mikono imeshika kiuno, na shingoni, pale ambapo kichwa kingeanza, panaonekana ukuta wa duka na kalenda ya mwaka 2006.

"Imesimama," Thérèse alisema.

"Nimetia kanvasi ngumu mabegani," Rasik alijibu, akapiga magoti kumalizia pindo. "Na tena imepimwa mara tatu. Nguo ikipimwa mara tatu nashika tabia ya mtu. Baba yangu alishona moja ya bibi mmoja mnene, ikapanda meli Mwanza, ikashuka Bukoba, ikahudhuria matanga, ikarudi."

"Peke yake?"

"Bibi alikuwa na homa. Geuka kidogo," akaiambia nguo, nayo ikageuka.

Nje mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo Thérèse aliikunja akaitia kwenye mfuko wa plastiki, na wakapanda basi kurudi Edmonton.

Anayeolewa alikuwa Raïssa, mtoto wake wa pekee, aliyefika Landani na miaka kumi na miwili na sasa alikuwa anafanya kazi ofisi ya kupangisha nyumba. Bwana harusi aliitwa Lawrence, kijana wa Chingford. Hakuwa na kasoro kubwa isipokuwa alipenda kueleza. Wakati wa baridi wote wawili walikuwa wamekwenda kukikagua kisiwa cha Madeira, cha Wareno, katikati ya bahari ya Atlantiki, kuona kama kinafaa kufungia ndoa. Walikiona kinafaa. Walirudi na picha, na Lawrence akazitandaza juu ya meza ya Thérèse, akieleza.

Kilikuwa kisiwa cha kijani kupita kiasi. Milima ilipanda kutoka baharini bila kupumzika, na kila mahali palipobaki wazi mtu alikuwa amepanda mgomba. Kulikuwa na mifereji myembamba ya maji iliyopita ubavuni mwa milima, na watalii wanatembea kando yake kwa mstari mmoja kama siafu. Kulikuwa na maua ya buluu makubwa kama kabichi, yameota barabarani bila mwenyewe. Kulikuwa na bustani ya hoteli, majani yake yamekatwa chini, na mbele yake bahari. Lawrence alimweleza mkwewe kwamba kisiwa hiki kiko karibu na Afrika kuliko Ulaya, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Thérèse aliitazama migomba kwa muda. Akasema ndizi zile ni ndogo lakini bila shaka ni tamu. Halafu akasema lile alilokuwa nalo tangu mwanzo, kwamba hati yake ya kusafiria aliipeleka kuongezewa muda kwenye ofisi inayohusika, na ofisi hiyo ilikuwa inajibu kila barua yake kwa barua ya kusema barua yako tumeipata. Kwa hiyo angeomba harusi isogezwe mbele kidogo, mpaka hati itoke.

Raïssa alimjibu kwa Kiingereza. Ndivyo walivyoishi: mama anasema Kiswahili, binti anajibu Kiingereza, na chakula kinaiva. Alisema hoteli haisogezi tarehe. Alisema ni kanuni ya kisiwa kizima. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, "Mama, tafadhali," na Thérèse akajua kwamba mazungumzo yamekwisha, maana mtoto huyu Kiswahili alikitoa kama watu wanavyotoa vyombo vizuri kabatini, kwa shughuli maalumu tu.

Wakati huo nguo ilikuwa imesimama kando ya friji. Ilipenda kusimama pale. Raïssa akaitazama juu mpaka chini.

"Na hiyo je?" aliuliza, kwa Kiingereza tena. "Hiyo inaweza kuja?"

"Iulize yenyewe," Thérèse alisema.

Nguo ikakaza kikwembe chake kiunoni, kama mtu anayejiandaa kutoka.

Raïssa alimkumbatia mama yake, kisha akaikumbatia nguo. Thérèse, aliyekuwa karibu, aliona kwamba nguo ilikumbatiwa zaidi kidogo.

Mtu wa kuisindikiza alikuwa Myriam, rafiki wa Thérèse wa kanisani, mwanamke wa Bukavu aliyesafisha ofisi za benki na mwenye pasipoti ya Uingereza, ambayo alitembea nayo hata akienda kununua mihogo. Thérèse aliipiga nguo pasi, akaipaka manukato kidogo mahali pa shingo, akaiambia isiketi karibu na wanywaji. Kwenye uwanja wa ndege wa Gatwick askari alichukua pasipoti ya Myriam, akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. Kisha akageukia nguo, akachungulia ndani kupitia shingoni. Kwa kuwa ndani hamkuwa na mtu, hapakuwa na mtu wa kuombwa hati. Akairuhusu. Ndani ya ndege iliketi dirishani na kufunga mkanda, na ilipoletewa chai ilikataa kwa adabu.

Siku ya harusi Thérèse alikuwa na zamu. Alihudumia wazee katika nyumba moja ya wazee pale Edmonton, na kwa kuwa harusini hakwenda, hakuona sababu ya kuomba ruhusa. Ila asubuhi hiyo, kabla ya kutoka, alijaribu jambo. Aliitundika sare yake ya kazi, ile ya buluu yenye kola nyeupe, kwenye mlango wa kabati. Akaifunga vifungo vyote, akaweka kadi ya jina kifuani, akaielekeza njia: ushuke kituo cha pili baada ya daraja, Bwana Alfred hawezi kutafuna, chakula chake kipondwe. Sare ikabaki imening'inia. Akaingoja kidogo. Akaivuta kwa mkono, ikaja kama kitambaa chochote. Akaivaa.

Mchana, akiwa anamlisha Bwana Alfred viazi vilivyopondwa, Thérèse alihisi baridi kiunoni, kama mtu aliyefunguliwa nguo penye upepo. Mkono wenye kijiko ukasimama hewani. Bwana Alfred, aliyekuwa na miaka tisini na ambaye mambo mengi hayakumshughulisha tena, alimtazama kiunoni, akamwambia kwamba kuna kitu kimemdondoka. Thérèse akainama kutazama chini ya meza. Hapakuwa na kitu. Aliendelea kulisha, na baridi ikaendelea pale kiunoni kitambo kirefu, kirefu kuliko inavyohitajika kwa mtu kupita juu ya kitambaa. Kisha ikaondoka.

Jumatano Myriam akarudi, amepata weusi mpya usoni, na nguo nyuma yake imebeba mfuko wa ndizi. Mabegani rangi ilikuwa imepauka kwa jua. Ikaenda moja kwa moja kusimama kando ya friji.

"Mama Raïssa, ilikuwa muzuri," Myriam alisema, akiketi. "Minakuambia kweli, ile kisiwa iko kama Mungu alisahau kufunga maji. Kila kitu inaota. Unatema mbegu, kesho muti."

"Na nguo yangu ilikaa vizuri?"

"Vizuri sana. Kiti cha mbele. Bale bazungu banaipenda. Mama yake Lawrence, ule Pauline, hakuiacha hata kidogo. Kuko mahali watu banashuka mulima ndani ya kikapu, wanaume wawili banasukuma kwa nyuma. Minawaambia mimi sishuki ndani ya kikapu, mimi si vitunguu. Pauline akaingia na nguo yako. Banashuka barabara yote banacheka."

"Nguo ilicheka?"

"Pauline alicheka. Nguo ilimushikia kofia."

Myriam alitoa picha. Katika moja, wote wamejipanga bustanini mbele ya bahari: Lawrence, Raïssa katika gauni jeupe lenye mkia mrefu, Pauline katika gauni la waridi iliyopauka, na pembeni yake nguo ya kijani, mkono wake umepita ndani ya mkono wa Pauline. Kwenye shingo ya nguo, mahali pa uso, palionekana maua ya buluu ya nyuma yake. Mpiga picha alikuwa ameiomba isogee kushoto kidogo, nayo ilisogea.

"Huyu Pauline magoti yake si yalikuwa mabovu?" Thérèse aliuliza. "Aliingiaje kikapuni?"

"Alipona. Alipasuliwa goti mwezi wa tatu. Kwanza harusi ilikuwa ya mwezi wa tano, lakini hoteli ilikubali kuisogeza mpaka..." Myriam akaishia hapo. Akachukua kijiko akakoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari.

Nguo nayo, kando ya friji, ikajipangusa mkono.

Thérèse alimenya ndizi moja, akaila yote. Ilikuwa tamu, kama alivyosema mwanzo.

"Na kikwembe cha pili?" aliuliza.

"Ilikitandika."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa, Mama Raïssa. Baliposema sasa ni mume na muke, nguo ikatoka kitini, ikajifungua mbele ya watu, ikatandika pale kwa majani, ikanyoosha kila kona. Mimi mwenyewe nilipiga kigelegele. Bakanitazama."

"Halafu?"

"Halafu mupiga picha akasema kile kitambaa kiko na rangi nyingi, kitavuta macho." Myriam aliendelea kukoroga. "Raïssa akashika gauni. Akapita pembeni. Pembeni kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Visigino vyake vilikuwa virefu. Angejikwaa."

"Mimi nilipita juu ya cha mama yangu na viatu vya kuazima," Thérèse alisema. "Nguo ikafanya nini?"

"Ilingoja. Ilingoja mpaka watu banaenda kwenye kinywaji. Halafu ikaokota, ikajifunga, ikaenda kula. Kuko samaki mweusi wao, mubaya kwa sura, banamupika na ndizi. Ikala."

Myriam alipoondoka, Thérèse aliikaribia nguo akaifungua kikwembe cha pili. Haikukataa. Akakipeleka dirishani, akakitandaza juu ya ubao wa pasi, akakipitia pole pole kama mtu anayechambua mchele. Palikuwa na majani makavu ya bustani. Palikuwa na doa la divai, dogo, ambalo huenda lilikuwa la Pauline. Kwenye kona moja palikuwa na nyayo za ndege mdogo, zimekanyaga udongo mwekundu na kuvuka kitambaa kutoka pindo hadi pindo, bila kupita pembeni. Za Raïssa hazikuwepo.

Kwa akina Thérèse hapakuwahi kusemwa lolote kuhusu nyayo za ndege. Alikikunja hivyo hivyo bila kukifua, akakiweka ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mahali pengine pa kukiweka hakupajua.

Baada ya hapo maisha yakaendelea. Nguo ilianza kualikwa. Ilialikwa siku ya kuzaliwa Pauline, ikaalikwa Krismasi, ikaalikwa kucheza bingo. Pauline aliiita Teresa, ingawa Thérèse mwenyewe Pauline hakuwahi kumwita kwa jina lolote, kwa sababu alisema jina lake lilimshinda kutamka. Nguo ilirudi na mabaki ya keki yamefungwa kwa karatasi ya fedha. Raïssa naye alipopiga simu alimuuliza mama yake hali, halafu akauliza, "Na nguo?"

Mwezi wa pili hati ya kusafiria ikafika kwa posta. Thérèse aliitazama picha yake, amekodoa macho kama aliyeulizwa umri, akaiweka juu ya friji. Jumapili hiyo akaamua kwenda kanisani amevaa nguo yake. Ikampwaya kila upande. Akaipeleka Walthamstow.

Rasik alimpima Thérèse, akaipima nguo, akatazama tepu mara mbili.

"Mama, wewe iko vile vile. Nguo ndiyo amenenepa."

"Inanenepaje?"

"Harusi, Krismasi, keki. Wewe nafunga, yeye nakula."

"Ipunguze."

Rasik alichukua mkasi. Nguo ikapiga hatua moja, mbili, ikaingia nyuma ya pazia, ikalivuta.

"Hataki," Rasik alisema, akaweka mkasi chini. "Kwa nguvu mimi siwezi, mama. Ni mteja pia."

Mtoto wa Raïssa alizaliwa kiangazi, wa kike, mwenye paji la uso la akina Thérèse, jambo ambalo Lawrence alilieleza kwa kirefu. Thérèse alimshika hospitali, akamwimbia kidogo masikioni. Ubatizo ukapangwa Chingford, Jumapili, na baada ya kanisa chakula bustanini kwa Pauline. Kutoka Edmonton hadi Chingford ni basi moja. Hakuna bahari katikati.

Raïssa alipiga simu Alhamisi. "Mama," alisema, kwa Kiswahili, na Thérèse akavuta kiti akaketi.

"Karibu, mwanangu."

"Jumapili. Nguo itakuja?"

"Nguo itakuja. Na mimi pia ninaweza kuja. Karatasi zangu zilitoka, na Chingford haiombi karatasi."

Raïssa akarudi kwenye Kiingereza. Alisema hapana, si hivyo, ila Pauline amekwisha kupanga viti. Alisema wanaelewana sana, Pauline na nguo, na watu wote wamekwisha kuizoea. Alisema Mama utachoka tu kule, hamtakuwa na la kuzungumza, halafu utapiga vile vigelegele.

"Vya kumpokea mtoto," Thérèse alisema.

"Mtoto ataamka, Mama." Halafu, kwa sauti ndogo, "Mama, tafadhali."

Thérèse alitazama nguo. Nguo ilikuwa inatazama dirishani, kadiri inavyowezekana kwa kitu kisicho na macho.

"Nitaipiga pasi," alisema.

Akaipiga pasi Jumamosi jioni, upande wa ndani kwanza, ili ndege wasipauke zaidi. Asubuhi, nguo ilipopapasa kiunoni ikitafuta kikwembe cha pili, alitikisa kichwa. Cha pili kilibaki sandukuni. Ikaenda na kimoja, kama msichana ambaye bado hajaolewa, na huko Chingford hakuna aliyeona tofauti.

Waliteremka pamoja hadi kituoni, kwa sababu Thérèse alikuwa na zamu Jumapili hiyo pia. Jua lilikuwa limetoka. Alimtumia mjukuu wake bangili ndogo ya shanga kwa mkono wa nguo, akaifungia pale kwenye pindo la mkono isidondoke, akasema, "Mwambie ni ya bibi yake. Mwambie bibi ni mimi." Nguo ikashika bega lake, kwa upole. Basi likafika. Nguo ikagusisha kadi ya nauli, dereva akasema asante, ikapanda ghorofani na kuketi kiti cha mbele kabisa, ndege wake wa manjano wamejaa kioo kizima. Basi lilipoondoka ilipunga mkono, na Thérèse akapunga.

Kisha akavuka barabara kungoja basi la upande wa pili, akiwa ndani ya sare yake ya buluu yenye kola nyeupe, ambayo mpaka leo haijakubali kwenda popote bila yeye.